Waliozaliwa tarehe 4 Agosti, na swali la karani wa sensa

Barack Obama alizaliwa tarehe 4 Agosti 1961. Mzee Abeid Amani Karume, kwa tarehe inayoandikwa kwenye wasifu wake, ni 4 Agosti 1905. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa New Orleans, ni 4 Agosti 1901. Kila mwaka siku hiyo ikifika, picha zao hujaa kwenye stetasi za WhatsApp, na ukipanda daladala ya Mbagala asubuhi utamsikia mtangazaji wa redio akiwataja mastaa wa leo mmoja baada ya mwingine. Ukisikiliza utadhani hakuna jambo rahisi kama siku ya kuzaliwa: mtu alizaliwa, ikaandikwa, basi.

Sivyo. Hao watatu wana tarehe moja, lakini tarehe hiyo imemfikia kila mmoja kwa njia yake. Nimekuwa nikilifuatilia jambo hili tangu Agosti 2022, kwa sababu ya bibi yangu, na nitamfikia.

Kwanza niondoe neno moja njiani. Orodha nyingi za mitandaoni husema "waliozaliwa mwishoni mwa kiangazi", zikimaanisha Agosti na mwanzo wa Septemba. Hicho ni kiangazi cha Ulaya na Marekani. Dar es Salaam Agosti ni kipupwe. Kusi inavuma, na alfajiri dereva wa bodaboda anafunga zipu ya jaketi hadi kidevuni. Joto letu huja na kaskazi, Januari na Februari. Michael Jackson, aliyezaliwa Gary, Indiana, tarehe 29 Agosti 1958, ni mtoto wa mwishoni mwa kiangazi kwelikweli. Lakini katika orodha hizohizo utamkuta Freddie Mercury, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, wakati kusi inaanza kulegea na demani inaingia. Huyo kiangazi hakukiona hata kidogo siku hiyo, ila orodha imemsomba tu pamoja na wenzake.

Sasa Armstrong. Maisha yake yote alisema alizaliwa 4 Julai 1900, siku ya uhuru wa Marekani, na vitabu vikaandika hivyo. Akafariki mwaka 1971, watu wakiamini bado kuwa hiyo ndiyo siku yake ya kuzaliwa. Katika miaka ya 1980 ndipo lilipopatikana daftari la ubatizo la kanisa Katoliki la New Orleans, na ndani yake mtoto yuleyule ameandikwa kuwa amezaliwa 4 Agosti 1901. Tofauti ni mwaka mzima na mwezi mmoja. Sioni sababu ya kumwita mwongo. Alizaliwa katika umaskini mkubwa, na mtu ambaye hajawahi kuoneshwa karatasi huishika siku aliyoambiwa, au siku inayokumbukika kwa urahisi.

Huku kwetu siku inayokumbukika kwa urahisi ni 1 Januari. Namba ya kitambulisho cha taifa, hiyo tunayoiita namba ya NIDA, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Toa kitambulisho chako utazame. Katika ukoo wetu wazee wanne bado wako hai, na watatu kati yao wana 0101 baada ya mwaka. Hawakuzaliwa pamoja. Kila mmoja alifika mbele ya meza fulani, akaulizwa tarehe, akajibu kwa masika na mavuno, na aliyeshika kalamu akaandika kinachoweza kuingia kwenye kisanduku. Mgeni asiyeijua historia yetu akiziona 0101 hizo hudhani pameghushiwa kitu. Palikuwa na daftari lisiloweza kupokea jibu la mzee, basi.

Hata mwandishi wetu mkubwa, Shaaban Robert, huandikwa kuwa alizaliwa 1 Januari 1909. Hapo mimi huwa nasimama kidogo. Shaaban ni jina la mwezi wa nane wa Hijria, na pwani ni kawaida mtoto kuitwa kwa mwezi au siku aliyozaliwa: Ramadhani, Rajabu, Khamis, Juma, Jumanne, Mwanajuma. Tarehe 1 Januari 1909 ilikuwa ndani ya Mfungo Tatu, mwezi wa Hija, si Shaaban. Ukihesabu, Shaaban ya 1908 iliangukia mwishoni mwa Agosti hadi karibu na mwisho wa Septemba, na ile ya 1909 ikaanza katikati ya Agosti. Sisemi kwamba huo ndio wakati aliozaliwa, maana mtu hurithi pia jina la babu. Nasema jina lenyewe ni ushahidi wa aina yake, na tumezoea kulipita bila kulisoma.

Anayenionesha vizuri zaidi namna ya kulisoma jina ni Kwame Nkrumah. Sikukuu yake Ghana ni 21 Septemba, kwa sababu padri aliyembatiza aliandika kwamba alizaliwa 21 Septemba 1909. Mama yake alihesabu vingine, akasema ni 1912. Nkrumah mwenyewe, alipoandika habari za maisha yake, alishika jambo moja la yakini: alizaliwa kijijini Nkroful, siku ya Jumamosi, katikati ya Septemba. Alijuaje kuwa ni Jumamosi? Kwa sababu anaitwa Kwame. Kwa Waakan mtoto wa kiume wa Jumamosi ni Kwame, na wa Jumanne ni Kwabena. Ukirudi kwenye kalenda ya 1909, tarehe 21 Septemba ilikuwa Jumanne. Kwa hiyo Nkrumah akatafuta Jumamosi iliyo karibu na katikati ya mwezi, akaona kuwa huenda siku yake ni 18 Septemba. Karatasi ilisema moja, jina likasema jingine, naye akaliamini jina. Mimi pia ningeliamini. Padri aliandika baada ya mtoto kuwa mkubwa kidogo, ilhali siku ya juma ilishikwa na mama na jirani tangu mtoto anatoka tumboni, kwa kuwa alianza kuitwa kwayo papo hapo.

Kuna wakati karatasi ipo, imekamilika hadi dakika, na bado siku haitulii. Huyo ni Obama. Cheti chake kirefu, kilichotolewa hadharani Aprili 2011 baada ya miaka ya maneno kuhusu mahali alipozaliwa, kinaonesha Honolulu, 4 Agosti 1961, saa moja na dakika 24 usiku. Honolulu iko nyuma yetu kwa saa 13. Kwa hiyo alipolia mara ya kwanza, Dar es Salaam ilikuwa saa mbili na dakika 24 asubuhi ya tarehe 5, Jumamosi, mafundi wamekwisha fungua karakana Gerezani. Dunia ilikuwa na tarehe mbili kwa wakati mmoja, na cheti hufuata ya mahali mtoto alipo.

Ila kuna la pili, na hili ni letu. Kwa hesabu ya zamani ya pwani siku haianzi saa sita usiku. Huanza jua likizama, na usiku hutangulia mchana wake. Mzee akikwambia "usiku wa Ijumaa" anakusudia usiku unaoingia Alhamisi magharibi. Kijana wa Sinza akisema maneno hayohayo anamaanisha Ijumaa saa nne usiku, mtu ametoka kazini anatafuta pa kukaa. Lugha ya serikali imelazimika kusema "usiku wa kuamkia" ili kuondoa utata. Tarehe 4 Agosti 1961 ilikuwa Ijumaa, na Honolulu siku hizo jua huzama mnamo saa moja na dakika kumi hivi. Obama alizaliwa magharibi imekwisha ingia. Bibi wa Kilwa angesema amezaliwa usiku wa Jumamosi. Tazama basi: kwa saa ya Dar ni Jumamosi, kwa hesabu ya bibi wa Kilwa ni Jumamosi, kwa cheti ni Ijumaa. Wote wako sawa.

Ukizidisha hapo tofauti za kalenda, mambo yanazidi kuchangamka. Leo Tolstoy alizaliwa Urusi 28 Agosti 1828, na vitabu vingine vinasema 9 Septemba. Si kosa la uchapaji. Urusi ilikuwa bado inatumia kalenda ya Julius Kaisari, ambayo huweka siku ya ziada kila mwaka wa nne bila kuacha, na kwa hiyo katika karne ya 19 ilikuwa imebaki nyuma kwa siku 12. Walibadili mwaka 1918: wakalala 31 Januari, wakaamka 14 Februari. Ethiopia hawajabadili hadi leo. Mwaka wao mpya huingia 11 Septemba, au 12 kukiwa na mwaka mrefu, na mtu kama Abiy Ahmed, ambaye sisi tunaandika alizaliwa 15 Agosti 1976, kwao ni wa mwaka 1968. Halafu saa wanahesabu kama sisi, saa moja ikiwa ya asubuhi.

Na kalenda ya mwezi haisimami mahali pamoja. Kuzaliwa kunakosherehekewa kuliko kote hapa mjini ni kwa Mtume Muhammad (S.A.W.), na Maulidi hufuata mwezi: mwaka 2024 yaliangukia katikati ya Septemba, 2025 mwanzoni mwa Septemba, na 2026 ni zamu ya mwishoni mwa Agosti. Kila mwaka yanarudi nyuma siku 10 hadi 12, kwa kuwa mwaka wa mwezi una siku 354 au 355. Mtu aliyeshika siku yake kwa Mfungo fulani hawezi kukupa tarehe ya Kizungu bila mwaka. Ukiupata mwaka, hesabu inakubali, na inakubali vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Kabla sijarudi Mbagala, niseme kidogo juu ya nyota, maana najua wapo wanaosoma orodha hizi wakitafuta kama Simba na Mashuke hutoa watu maarufu zaidi. Kuzaliwa Agosti kuna athari Uingereza, lakini haitoki angani. Mwaka wa shule kule hukatwa tarehe 1 Septemba. Mtoto wa 31 Agosti hukaa darasa moja na yule aliyezaliwa 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, ambaye amemzidi karibu mwaka mzima. Wakiwa na miaka minane pengo hilo unaliona kwa macho: urefu, mbio, nguvu ya shuti. Kocha anachagua waliokomaa akidhani amechagua wenye kipaji, nao wakishachaguliwa wanapata mazoezi bora, kweli wanakuwa bora. Ndiyo maana kwenye akademi za huko waliozaliwa Septemba hadi Novemba ni wengi kuliko wa Juni hadi Agosti. Alan Shearer ni wa 13 Agosti 1970, mmoja wa wadogo wa darasa lake, na akafunga magoli 260 ya Ligi Kuu, rekodi ambayo hajaivunja mtu. Kwetu shule hufunguliwa Januari, kwa hiyo Agosti ni mwezi kama mingine. Wanaoonja machungu hayo huku ni wa Desemba.

Basi, Agosti 2022. Karani wa sensa, binti mdogo mwenye kizibao na kishikwambi, aliingia uani kwetu Mbagala, akavua viatu, akamwamkia bibi, akaketi kwenye kigoda. Maswali yakaenda vizuri hadi umri. Bibi akasema hajui, aangalie kitambulisho. Kitambulisho kinasema 19500101. Binti wa watu hakuandika haraka. Alitabasamu akauliza, "Bibi, kimbunga cha Lindi unakikumbuka?"

"Nitakikumbukaje mjukuu wangu, nilikuwa natambaa. Mama aliniambia nilitambaa hadi mlangoni bati likiruka."

Kimbunga cha Lindi kilipiga tarehe 15 Aprili 1952. Karani alikuwa akitumia kile kinachoitwa kalenda ya matukio: orodha ya vita, njaa, mafuriko, nzige, Uhuru, kila eneo na yake, ili mzee aweze kujipima nayo. Kwa watu wa kusini kimbunga ni alama moja, mradi wa karanga wa Nachingwea ni nyingine. Mtoto hutambaa akiwa na miezi saba hadi kumi hivi. Rudi nyuma kutoka Aprili 1952, unaangukia kati ya Juni na Septemba 1951. Mtu aliyetambaa Aprili 1952 hawezi kuwa amezaliwa Januari 1950. Binti akaandika miaka 71, akaendelea na swali la choo.

Mimi nilibaki nimeduwaa. Nilijua kwamba sensa zetu tangu Uhuru, 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, zote zimefanyika Agosti, na sababu ni ya kawaida kabisa: mvua hazipo, barabara zinapitika, watu wako makwao. Sikuwahi kufikiri kwamba kila mara, katika siku hizohizo ambazo simu zetu zinapongeza mastaa, nchi nzima imekuwa ikiwauliza bibi zetu swali moja. Na bibi zetu wana majibu. Ila yanahitaji mtu wa kukaa kigodani.

Nikakaa. Haikuwa siku moja. Bibi hupenda kusimulia anapochambua mboga, na ukimharakisha anakwambia rudi kesho. Nilimuuliza mama yake alimwambia nini kingine. Akasema mikorosho ilikuwa imechanua. Kusini mikorosho huchanua wakati wa kipupwe, kwa hiyo Juni na Septemba zikaanza kulegea. Siku nyingine akasema, kama jambo lisilo na uzito, "Mimi ni wa Mfungo Pili." Nikatafuta: Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, mwaka ule uliingia mwanzoni mwa Agosti 1951 ukaisha mwanzoni mwa Septemba. Jina lake nalijua tangu utotoni, Mwanajuma, na sikuwahi kulisikia. Mtoto wa Ijumaa. Ijumaa za Agosti 1951 ni tano: tarehe 3, 10, 17, 24 na 31. Ya kwanza ni kabla mwezi haujaandama, zikabaki nne.

Nilimsomea zote. Akaendelea kuchambua matembele.

"Usiku au mchana, bibi?"

"Usiku. Mkunga alitoka ng'ambo ya mto bila taa. Mama alikuwa akisema, ulikuja na mbalamwezi, hata koroboi hatukuwasha."

Mwezi mpevu wa Agosti 1951 ulikuwa tarehe 17. Ijumaa. Kwa hesabu ya Mfungo Pili, ni siku ya kumi na nne. Na kwa kuwa bibi ni mtu wa pwani, usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia tarehe 17, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Mama yake, ambaye hakuwahi kushika kalamu, alikuwa amemwachia bintiye alama tano: bati linaloruka, maua ya mkorosho, Mfungo Pili, jina, na mkunga asiye na taa. Ukizipanga zinakutana usiku mmoja. Yawezekana alama mojawapo imeteleza katika miaka 70 ya kusimuliwa. Lakini hiyo 0101 haina hata alama moja nyuma yake.

Nimefikiri pia kwa nini sisi, tofauti na Ghana, huwakumbuka waasisi wetu kwa siku walizofariki. Siku ya Karume ni 7 Aprili, alipouawa mwaka 1972. Siku ya Nyerere ni 14 Oktoba, alipofariki mwaka 1999. Kwa mtu wa hapa hilo ni la kawaida, maana kifo kina mashahidi, kina hitima na arobaini, kila mtu anajua alikuwa wapi habari zilipomfikia. Kuzaliwa kuna mashahidi wawili au watatu, wengi wao wanawake, nao huondoka mapema kuliko mtoto. Nyerere mwenyewe aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha. Aliyelichagua jina hilo alituachia hali ya hewa ya siku hiyo.

Siku hizi mtoto wa chini ya miaka mitano anaweza kuandikishwa kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, utaratibu uliozinduliwa Mbeya mwaka 2013, na nafurahi kuona wanangu wana vyeti vyao vyenye siku, mwezi na mwaka. Kitambulisho cha bibi tumeamua kukiacha kama kilivyo. Kukirekebisha kunadai hati ambazo hana, na akaunti yake ya benki imefungamana na namba ileile.

Nilipomwambia tarehe yake alinyamaza muda mrefu, mikono juu ya ungo. Nikadhani anahesabu. Kisha akasema, "Babu yako naye hakuwa na siku. Alizaliwa masika, daraja limechukuliwa na maji, baba yake akakwama ng'ambo siku tatu hajamwona. Mwulize shangazi yako wa Mingoyo daraja lipi, yeye anajua. Mpigie leo, asubuhi anasikia vizuri zaidi."